UZI: Umeme wa AC kwenye boti kutoka injini kuu, bila kufunga jenereta ya pembeni

#1 Mwanzisha uzi

Wakuu salama? Naleta huu uzi kwa sababu hili swali linarudi kila mara kwa sura tofauti na majibu mengi yanayotolewa yanamtia mtu hasara. Swali ni hili: boti ina injini kuu ya dizeli, nguvu kibao, inanguruma masaa yote mkiwa safarini, sasa kwanini isitoe na umeme wa 230V wa friji, pampu, feni, chaja, hata kiyoyozi, badala ya kununua jenereta nyingine yenye mfumo wake wa mafuta na egzosti yake na kelele zake?

Inawezekana, na watu wanafanya. Ila shida hapa sio nguvu, nguvu ipo ya kumwaga. Shida ni spidi.

Umeme wa AC, yaani ule wa soketi za nyumbani unaogeuka-geuka mwelekeo, unakwenda na frikwensi, zile Hz. Na Hz zinaamuliwa na vitu viwili tu, jenereta ina pole (ncha za sumaku) ngapi na inazunguka mara ngapi kwa dakika. Zidisha pole kwa rpm, gawa kwa 120. Jenereta ya pole 4 ikizunguka 1500 unapata 50 Hz, ikizunguka 1800 unapata 60. Ya pole 2 inataka 3000 ili itoe 50. Sasa angalia injini ya boti inavyoishi: sailensa (injini imewashwa bila kukanyagwa) 700, kutoka gatini 1000, mwendo wa safari 1800 mpaka 2200, ukikimbia 2800. Ukichukua kichwa cha jenereta (sehemu inayozalisha umeme, bila injini yake) ukakifunga kwa mkanda kwenye puli ya kranki, ukapiga hesabu ya puli ili injini ikiwa 1500 upate 50 Hz, basi nahodha akirudisha mpaka 1000 una 33 Hz, akisukuma mpaka 2200 una 73. Yaani umeme wa boti nzima unafuata mkono wa nahodha.

Na msidhani madhara yake ni feni kuzunguka polepole tu. Mota na transfoma zimetengenezwa kwa uwiano wa volti na Hz. Kama AVR (kifaa kinachoshika volti za jenereta) inaendelea kukupa 230V wakati Hz zimeshuka mpaka 35, chuma cha ndani ya mota kinashiba sumaku, ampia zinapanda na koili inapikika taratibu bila fyuzi kukata. AVR nzuri zina ulinzi wake, Hz zikishuka kupita kiwango nayo inashusha volti, lakini hapo kompresa ya friji inapewa volti pungufu, inashindwa kuanza, inakaa inanguruma palepale mpaka ovalodi ikate, inapoa, inajaribu tena. Ukisikia friji ya kwenye boti inafanya hivyo mkiwa kwenye mwendo mdogo, kapime Hz kabla hujamwita fundi wa friji.

Hata ukisema basi nahodha asiguse throtto, bahari haitakubali. Wimbi linainua nyuma ya boti propela inapata wepesi, rpm zinapanda, linashuka propela inabeba mzigo, rpm zinaanguka, na gavana (kidhibiti spidi) ya injini ya boti haijatengenezwa kushika spidi moja kwa ukali kama gavana ya seti ya jenereta.

Kwahiyo msimamo wangu ni huu na nitautetea humu ndani: kwenye kranki chukua nishati tu, kwa spidi yoyote itakayokuja, alafu AC ukaitengeneze mbele kwa elektroniki. Yaani alteneta kubwa ya DC (umeme kama wa betri), betri, alafu inveta inayogeuza DC kuwa AC. Njia nyingine zipo na ntazigusa ila kwa boti za kawaida hii ndio inayolala vizuri.

Hesabu ya haraka. Unataka wati 2000 za AC. Inveta inapoteza kama asilimia 10, kwahiyo inavuta wati 2200 na ushee kwenye betri. Kwa mfumo wa 12V hizo ni ampia 185. Ampia 185 wakuu, huo ni waya mnene kama kidole gumba, kila nati iliyolegea inageuka jiko. Kwa 24V ni ampia 93. Ndio maana ukivuka wati elfu moja na nusu hivi mi nasema achana na 12V, weka benki ya 24V peke yake kwa ajili ya nyumba, na ile 12V ya kuwashia injini iache kama ilivyo na alteneta yake ndogo.

Karibuni.

#2

Mkuu umeeleza vizuri ila kuna kitu sijaelewa, mbona alteneta ya injini kwa ndani inatoa AC? Kuna fundi alituambia ukiondoa dayodi unachukua AC moja kwa moja.

#3 Mwanzisha uzi

Ni kweli kwa ndani ni AC, fezi tatu, dayodi ndio zinaigeuza DC. Lakini rudi kwenye ile fomula. Alteneta nyingi za aina hii zina pole 12, kwahiyo Hz zake ni rpm gawa kwa 10, ikizunguka 6000 unapata 600 Hz, na alteneta inazunguka mara mbili au tatu ya spidi ya injini. Huo umeme hakuna mota ya friji duniani inautaka. Zamani kulikuwa na vifaa vya kufunga kwenye alteneta vinavyotoa volti 110 hivi, vingi vilikuwa vinatoa DC ya volti kubwa isiyotulia, vinaendesha drili ya brashi na hita na balbu ya waya basi. Ukichomeka kitu chenye transfoma kinaungua, na swichi za AC zikikata DC ya volti kubwa cheche haizimiki kirahisi, swichi inayeyuka. Msijaribu.

Ila kuna mashine halali zinazotumia wazo hilo hilo kwa ustaarabu: jenereta ya sumaku ya kudumu inafungwa kwa mkanda pale ilipo alteneta, inatoa AC ya Hz zozote, inaingia kwenye boksi linaloigeuza DC alafu linaigeuza tena 230V 50 Hz safi. Inafanya kazi vizuri, tatizo ni moja, injini ikizima na umeme umezima hapohapo, hamna betri katikati. Na kwenye sailensa haitoi uwezo wake wote. Kwa mtu anayetaka kiyoyozi mkiwa safarini tu inafaa sana.

#4

Naomba kuuliza, hii haitalemea injini? Boti yetu ina hp 100 na tayari inahangaika tukipakia.

#5 Mwanzisha uzi

Hili ndilo swali zuri kuliko yote na ndilo linarukwa, kaa hapa kidogo.

Propela hainywi nguvu sawasawa na spidi. Inakula kwa karibu kyubu ya rpm. Maana yake ukishusha rpm nusu, propela inakula kama moja ya nane. Injini yako ya hp 100 kwa rpm 3000: ukienda nayo 1500, propela inakula kama hp 12 au 13 hivi. Lakini injini yenyewe kwa 1500 ina uwezo wa kutoa hp 40 au 50 kama throtto ingedai. Ile tofauti katikati ni nguvu iliyolala, hamna anayeitumia.

Sasa alteneta ya 24V ampia 100 ikitoa yote inatoa kama kilowati 2.8. Alteneta hizi sio wanyenyekevu, ufanisi wake ni asilimia 50 mpaka 60, kwahiyo inadai kwenye mkanda kilowati 5 hivi, karibu hp 7. Kwenye 1500 hp 7 injini haisikii, tena inafaidi kwa sababu dizeli haipendi kuzunguka bila mzigo, silinda zinang'aa kama kioo, masizi mabichi yanajaa kwenye egzosti.

Lakini ukifika 3000 mambo yanabadilika. Pale propela iliyopangwa vizuri inakula hp zote 100, hamna iliyobaki. Ukiongeza 7 injini haitafika tena rpm zake, itatoa moshi mweusi na joto la egzosti litapanda. Kwa boti yako inayohangaika ikipakia, mi ningeanza na propela kwanza. Simamisha mzigo wote wa umeme, peleka throtto mwisho ukiwa umepakia, angalia kama inafika rpm zilizoandikwa na kiwanda. Isipofika, hiyo propela ni kubwa mno kwa injini, na hakuna alteneta ya kuongeza hapo mpaka pichi (mlalo wa mabawa ya propela) ipunguzwe.

Dawa ya kule kwenye rpm za juu ni rejileta ya nje, kidhibiti cha alteneta kinachoweza kupunguza uzalishaji. Unaweka swichi kwenye dashibodi, nahodha akitaka nguvu zote anaibonyeza, alteneta inashuka mpaka nusu au inalala kabisa. Wanaofunga kichwa cha AC wanatumia klachi ya sumaku kama ile ya kompresa ya kiyoyozi cha gari, kazi ni ile ile.

#6

Mi ni mhandisi wa meli, nipo upande wa mashine kubwa. Kwetu shaft jenereta ni jambo la kawaida miaka yote, inaendeshwa na injini kuu na inatoa AC moja kwa moja mpaka kwenye swichibodi, kwahiyo mkuu ule msimamo wako wa kranki sio wa kila mahali.

#7 Mwanzisha uzi

Asante mkuu kwa kuja, na uko sahihi, ila waeleze wadau kwanini kwenu inawezekana. Nyingi ya hizo meli zina propela ya pichi inayobadilika. Injini inawekwa spidi moja, nahodha akitaka mwendo zaidi au kurudi nyuma wanageuza mabawa ya propela, rpm haiguswi, Hz zinatulia. Na zile ambazo rpm zinabadilika zina kigeuzi cha frikwensi kati ya jenereta na swichibodi, yaani tumerudi kwenye elektroniki.

#8

Kweli kabisa. Na niongezee, hata sisi hatuiamini kwenye kuingia bandarini. Kabla ya menuva, yaani kugeuza-geuza meli kuingia gatini, tunawasha jenereta za pembeni, tunahamisha mzigo, shaft jenereta inatolewa. Kwa sababu wakati wa menuva ndio injini inachezewa, na ukipata giza pale pampu za usukani na za mafuta zinazimika kwa pamoja meli ikiwa karibu na gati. SOLAS, mkataba wa kimataifa wa usalama wa meli, sura ya II-1 inadai meli iwe na seti za jenereta zisizopungua mbili, na huduma muhimu ziendelee kupata umeme bila kujali spidi ya injini kuu wala mwelekeo wa shafti, na umeme wa dharura uingie ndani ya sekunde 45. Watu wa boti ndogo hamjabanwa na hiyo, ila fikra yake ichukueni.

#9 Mwanzisha uzi

Hapo pa mwisho naomba watu wasome mara mbili. Kwenye boti ndogo ndio maana napenda betri ikae katikati. Injini ikizima taa za njia, redio na pampu ya bilji (ya kutoa maji yanayojaa chini kabisa ya boti) zinaendelea. Na pampu ya bilji iwe ya DC moja kwa moja toka betri, isipitie inveta kamwe.

#10

Sisi boti yetu ya uvuvi ina pampu ya haidroli ya winchi, kuna mtu alituambia tufunge mota ya haidroli iendeshe kichwa cha AC. Vipi hiyo?

#11 Mwanzisha uzi

Hiyo ni njia ya heshima na kwa boti ya uvuvi mi siipingi. Pampu ya ujazo unaobadilika inajirekebisha, injini ikipanda pampu inapunguza oili inayosukuma, ikishuka inaongeza, kwahiyo mota inabaki 1500 na unapata 50 Hz za kweli. Faida nyingine kichwa cha jenereta unakiweka popote penye nafasi, bomba tu ndio zinafika.

Gharama yake ni joto. Pampu inapoteza kidogo, mota inapoteza kidogo, mabomba nayo, mwisho unabaki na asilimia 75 mpaka 80. Ukiingiza kilowati 10, mbili au zaidi zinaishia kwenye oili kama joto, kwahiyo bila kipoza oili kinachotumia maji ya bahari utapika sili zote. Na msitumie pampu ya kawaida ya winchi, ile ya ujazo mmoja, mtapata kitu kilekile cha mkanda, Hz zinazocheza. Alafu winchi na jenereta visigombanie pampu moja, mkivuta nyavu taa zitalala.

#12

Mkuu mi nimefunga alteneta kubwa na betri za lithiamu, imeungua, nikafunga nyingine imeungua. Muuzaji anasema ni uzembe wa fundi.

#13 Mwanzisha uzi

Pole sana. Hili linawapata wengi na sio lazima awe fundi. Betri ya risasi ikianza kujaa yenyewe inakataa ampia, alteneta inapumzika. Lithiamu haikatai, inachukua kila kitu mpaka karibu na mwisho. Sasa boti ipo sailensa inachaji, alteneta inazunguka polepole, feni yake nayo polepole, chumba cha injini kina joto, na bado inadaiwa ampia zote. Inajipika yenyewe. Shika kipimajoto cha laser upime mgongo wa alteneta baada ya nusu saa, ukiona inavuka nyuzi 110 hivi ujue inaelekea kufa. Dawa ni rejileta ya nje yenye sensa ya joto iliyofungwa kwenye bodi ya alteneta, inapunguza uzalishaji kabla haijaungua, na hewa baridi iletwe kwa bomba mpaka nyuma yake.

Kisa cha pili kinachoua ni BMS, ile elektroniki inayolinda betri ya lithiamu. Betri ikijaa au ikipata hitilafu BMS inakata ghafla wakati alteneta inatoa ampia 80, umeme hauna pa kwenda, volti zinaruka juu kwa nukta ya sekunde, dayodi zinapasuka, wakati mwingine na redio inaenda nazo. Ni kosa lilelile la kuzima swichi kuu ya betri injini ikiwa inazunguka. Tumia BMS inayoiambia rejileta izime kabla ya kukata, au pitisha chaji kwenye betri ya risasi ya kuwashia alafu chaja ya DC kwa DC ndio ilishe lithiamu. Hii ya pili inapunguza ampia lakini utalala usingizi.

#14

Kwani si rahisi kununua jenereta ya petroli ya mkononi ukaiweka kwenye deki yakaisha haya yote

#15 Mwanzisha uzi

Inaonekana rahisi mpaka ufikirie mvuke wa petroli. Ni mzito kuliko hewa, unashuka chini unajaa kwenye bilji, unasubiri cheche. Na moshi wake una kaboni monoksaidi ambayo haina harufu, upepo ukigeuka inaingia kwenye kabini mnakolala. Watu wamekufa kwa hili kwenye boti, sio hadithi. Kwenye boti ya dizeli kuleta petroli ndani ni kuongeza hatari ambayo hukuwa nayo.

#16

Tuseme nimekubali njia ya alteneta na inveta. Nina injini ya hp 90, alteneta ya 12V ampia 60 iliyokuja nayo. Ndani nataka friji, taa, tv, pampu ya maji na feni. Nianzie wapi? Na mkanda nao vipi maana huo wa sasa unatoa unga mweusi.

#17 Mwanzisha uzi

Unga mweusi kwanza. Huo ni mpira wa mkanda unaliwa, maana yake puli hazipo kwenye mstari mmoja au mkanda unateleza. Weka rula ndefu iliyonyooka kwenye uso wa puli zote, ikiguswa upande mmoja na kuacha mwanya mwingine umeshapata mchawi. Mkanda mmoja wa V wa milimita 13 usiuamini kupita ampia 80 hivi za 12V, zaidi ya hapo weka mikanda miwili au ule mpana wa mistari. Na kabla hujaongeza alteneta kubwa mbele ya kranki uliza kiwanda cha injini inaruhusu mvuto wa pembeni kiasi gani, kwa sababu mkanda uliokazwa unavuta kranki upande mmoja na sili ya mbele na bearing ndio zinalipa.

Puli nazo: kama ya injini ni milimita 200 na ya alteneta 70, uwiano ni 2.86. Sailensa 700 inakupa alteneta 2000, hapo tayari inazalisha. Injini ikiwa 2500 alteneta ni 7150, angalia kiwango cha alteneta yako, zile bodi kubwa nyingi hazipendi kuvuka 8000 au 10000.

Kuhusu mzigo, usikisie, hesabu wati kwa masaa. Tuseme kwa siku friji inakula wati saa 1800, vingine vyote 1200, jumla kilowati saa 3. Kama betri ni za risasi usizishushe chini ya nusu, kwahiyo unahitaji benki ya kilowati saa 6, ambayo ni Ah (ampia kwa saa) 250 kwa 24V. Benki hiyo inapokea kama robo ya Ah zake, ampia 60 hivi, na ikifika asilimia 80 inaanza kukataa. Kwahiyo kununua alteneta ya ampia 150 kwa benki hiyo ni pesa ya bure, ampia 100 inatosha na inakaa bila kujikaza. Kurudisha kilowati saa 3 inachukua masaa mawili ya nguvu na ule mkia wa mwisho unaweza kwenda masaa mengine kadhaa, kwahiyo kama safari zako ni fupi ongeza sola kwa ajili ya huo mkia, sio kuwasha injini kuu gatini bila mzigo.

Inveta chukua ya pyua saini, yaani inayotoa wimbi laini kama la umeme wa gridi, na usiangalie wati za kudumu tu. Kompresa ya friji ya wati 150 inapoanza inavuta mara tano mpaka saba kwa kitambo kidogo, inveta ya wati 1500 hadi 2000 inabeba hiyo pamoja na pampu.

Sasa usalama, na hapa naomba usikwepe hata kimoja. Fyuzi kwenye waya wa chanya iwe karibu kabisa na betri, sio kule kwenye inveta, kwa sababu waya wenyewe katikati ndio unaweza kuchunwa na mtikisiko. Waya uwe wa nyuzi nyingi uliopakwa bati, maji ya chumvi yanautafuna ule wa kawaida mpaka ndani ya plastiki. RCD (swichi inayokata umeme ukivuja) ya miliampia 30 mbele ya soketi zote. Swichi ya kubadilisha kati ya umeme wa gati na inveta iwe ile inayokata kwanza ndio inaunga, vyanzo viwili visikutane hata kwa bahati mbaya.

Alafu nyutro na ethi. Ukiwa kwenye inveta, nyutro iunganishwe na ethi palepale kwenye inveta, bila hivyo laini ikigusa bodi ya friji RCD haioni kitu na bodi inabaki na umeme inakusubiri. Ukihamia umeme wa gati, muungano huo wa ndani ya boti lazima ufunguke, kwa sababu kule nchi kavu tayari upo, ukiacha miwili mkondo wa nyutro unapita kwenye waya wa ethi na unaweza kupita hata majini. Inveta nyingi za boti zina rilei inayofanya hivyo yenyewe. Usiamini karatasi, chukua mita, zima kila kitu, chomoa umeme wa gati, alafu washa inveta upime volti kati ya nyutro na ethi kwenye soketi. Ikiwa rilei inafanya kazi utaona karibu sifuri volti. Ukiona volti 60 au 115 zinaelea hapo, muungano haupo.

Weka hapa jina la modeli ya injini, kipenyo cha puli ya kranki na picha ya upande wa mkanda, nikuambie kama kuna nafasi ya breketi ya pili au itabidi ubadilishe ile iliyopo.